Kitochi Nilichomnunulia Sirkka

— Reijo, usikasirike. Sijui niko wapi.

Nilikuwa nimeshika sufuria ya viazi, simu sikioni. Nikaitua polepole, kana kwamba kelele ingemwangusha huko aliko.

— Uko msituni?

— Niko msituni. Mguu uliingia kwenye kinamasi ukapinda. Siwezi kuukanyagia. Na hii mvua ina barafu ndani.

— Msitu gani?

Nilisikia matone yakigonga kofia yake.

— Sirkka, msitu gani?

— Wa uyoga, akasema.

Hapa kwetu Savo, huku kaskazini kwa misitu na maziwa, mtu atakuambia mshahara wake, atakuambia ugonjwa wake, mtakaa naye uchi kwenye mvuke wa sauna bila aibu, lakini anapookota uyoga wa manjano hakuambii. Sirkka alionyeshwa na mama yake, yeye peke yake. Baba yake alikula uyoga ule maisha yote ya ndoa na akazikwa bila kujua ulitoka wapi. Mume wake wa kwanza aliulizauliza mpaka wakaachana. Mimi nilipomposa, theluji ikiyeyuka, hakusema ndiyo wala hapana. Alicheka tu.

— Siku nitakayokuonyesha mahali pangu pa uyoga, ujue nimekubali.

Kwa hiyo hakuna binadamu aliyejua alikokwenda. Na simu aliyokuwa nayo haikujua kitu, maana niliinunua mimi.

Nilifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha simu za vitufe, mpaka vigogo wakakifunga na kupeleka kazi mbali. Wao waliondoka na marupurupu, sisi tukapewa keki ya kuagana. Tangu hapo simu za kupangusa sizipendi. Sirkka alikuwa nayo. Namweleza jambo, macho yake yako kwenye kioo, kidole kinapanda na kushuka. Namwuliza kama nimwongezee kahawa, ananijibu kesho kutakuwa na upepo. Mwezi wa Agosti nikamwambia nimeshazika mke mmoja, sina umri wa kushindana na kioo, achague. Alininunia siku nzima. Jioni akasema, haya, leta hicho kitochi chako. Nikamletea. Kupiga, ujumbe, tochi kichwani, basi. Akauliza, na ramani je? Nikamjibu kwamba babu zetu hawakutembea na ramani mfukoni.

Jirani yangu Osmo alitutania mbele ya duka, kwamba Reijo amemrudisha mchumba wake karne iliyopita, bado kumnunulia ubao wa kufulia.

Lakini tulikaa vizuri mno. Tulicheza karata. Nikiongea alinitazama usoni. Nikaanza kunyoa ndevu kila siku.

Sasa hili.

Nikamwambia akate, awapigie waokoaji, halafu anirudie. Alinipigia tena. Walimwuliza kama simu yake inaweza kutuma lokesheni, akawajibu inaweza kuwasha tochi. Mnara uliwaonyesha eneo tu, siyo mahali, na eneo lenyewe ni misonobari na vinamasi vya kupotezea kijiji kizima. Timu na mbwa wao wanatoka mjini. Saa nzima, labda na zaidi.

Saa nzima. Mke wangu Maire alifia juu ya zulia la sebuleni tukisubiri gari kutoka mji huohuo, baada ya wakubwa kuamua kitongoji chetu hakistahili kuwa na gari la wagonjwa. Walisema huduma itaboreshwa. Iliboreshwa, Maire akafa. Mimi najua saa nzima ina urefu gani. Nikaingia kwenye gari.

— Uko hapo tangu saa ngapi?

— Tangu mchana. Nimejaribu kutambaa.

— Mbona hukupiga?

— Ningekuambia niko wapi, Reijo?

— Baiskeli umeiacha wapi?

Nikawasha gari.

— Mama aliniapisha.

— Mama yako yuko makaburini. Unataka kumpelekea salamu leo?

— Usiseme hivyo. Naogopa.

— Na mimi naogopa. Naogopa kuliko wewe. Sema.

Akaniambia. Baiskeli iko nyuma ya lile jukwaa bovu la mbao, njia ya ziwani, ambapo zamani wafugaji walipanga madumu ya maziwa. Toka hapo fuata mtaro mpaka jiwe kubwa lililopasuka. Hapo ndipo. Ila leo uyoga ulikuwa mwingi, akafuata mmoja, akafuata mwenzake, macho chini, kikapu kikajaa. Aliponyanyua kichwa, miti yote ilikuwa na sura moja.

— Ukifika kwenye jiwe, akasema, usiangalie chini.

Mwanamke anakufa kwa baridi na bado analinda uyoga. Nikacheka, kicheko kikatoka kama kilio.

Nilipopita kwa Osmo nikamwambia awaelekeze waokoaji kwenye jukwaa la maziwa. Jiwe sikulitaja.

— Usikate, nikamwambia Sirkka huku naendesha. Chaji unayo?

— Tele. Nilichaji wiki iliyopita. Ile yangu ya zamani ingekuwa imeshazima.

Nikamsikia akipulizia vidole.

— Lakini ile ingekuonyesha nilipo kabla haijazima.

Njia nzima neno hilo lilikaa kwenye kiti cha pembeni kama abiria.

Baiskeli niliikuta, tandiko limelowa. Nikabonyeza honi ya gari.

— Umesikia?

— Hapana.

Nikabonyeza tena, nikaishikilia.

— Labda. Labda ni korongo analia.

Nikaingia msituni. Mtaro ulikuwa umefurika, maji yakajaa kwenye buti. Chini ya misonobari giza lilikuwa limetangulia. Nikafika kwenye jiwe. Nikaita. Msitu ukanimeza sauti kama jivu linavyomeza maji.

— Sirkka, ongea.

— Baridi imeisha, Reijo.

— Imeisha vipi?

— Nasikia joto. Tena joto zuri. Nafikiri nivue koti.

Kwetu hata mtoto anajua maana ya joto hilo, ni mwili unaokufa kwa baridi. Ndivyo wanavyookotwa watu wakati wa kuyeyuka theluji, makoti yao yako pembeni.

— Usivue. Ukivua koti sikuoi.

— Sijakubali bado, akasema polepole, kama mlevi.

— Basi vaa mpaka ukubali.

Simu ikiwa sikioni, nikaliita jina lake kwa nguvu zangu zote. Na ndani ya simu, nyuma ya pumzi zake, mwanaume mwingine akaita, Sirkka. Mbali.

— Nani huyo uko naye?

— Wewe, mjinga, akasema.

Ilinichukua muda kuelewa. Ilikuwa sauti yangu. Imetoka kinywani, imepita kwenye miti, imeingia kwenye simu yake, imenirudia. Nikaenda kulia, nikaita. Yule mwanaume ndani ya simu akafifia. Nikarudi kushoto, nikaita. Akakaza sauti. Nikatembea hivyo, najisikiliza mwenyewe kama kipofu, kila nikipotea sauti inanikana, kila nikikaribia inanipokea. Sirkka alikuwa ameacha kunijibu. Nilibaki na mimi tu ndani ya simu, namwita.

— Washa tochi. Sirkka, hata kama hutaki kuongea, washa tochi.

Nilingoja kitu kibaya kuliko vyote, yaani kutokuona kitu. Halafu chini kabisa, katikati ya mizizi, nukta nyeupe ikawaka.

Midomo ilikuwa ya buluu. Koti vifungo viwili vimefunguliwa. Kikapu amekipakata kama mtoto. Nikamvika langu, nikamkumbatia, nikaendelea kuita kwa ajili ya waokoaji mpaka mbwa alipotokea, akafuatwa na taa.

Hospitalini alipopata rangi yake, aliniangalia muda mrefu.

— Sasa unajua mahali.

— Sijui.

— Ulipita hapo hapo.

— Uliniambia nisiangalie chini.

— Nilikuambia mwenyewe, Reijo. Neno ni neno. Nimekubali.

Nilitamani kulipokea. Mungu anajua nilivyotamani.

— Kilichotolewa kwa woga hakihesabiki, nikasema. Nimeshasahau.

Akageukia ukutani. Mabega yalitikisika. Nikajua nimeharibu.

Nilikwenda mjini nikamnunulia simu nyingine, ndogo, ya kijivu. Kupiga, ujumbe, tochi, na ramani. Bei yake ilipita ile ya kupangusa. Wameondoa kila kitu wakaongeza bei. Vigogo hata upungufu wanauuza. Nikajinunulia na mimi.

— Ramani uliyoniomba, nikamwambia. Nilikosea.

Akaipindua mkononi.

— Habari haina? Picha?

— Haina.

— Na benki? Na dawa zangu?

Hapo nilikwama, maana wakubwa wamehamishia kila kitu huko, bila kile kioo wewe si mtu. Mwisho tukakubaliana kile kioo kikae kwenye droo ya jikoni pamoja na kisu cha mkate, kitoke siku ya kulipa bili, kisha kirudi. Kama mgeni anayekunywa kahawa na kuondoka, Sirkka alisema.

Majira ya baridi yote hakugusia ndoa. Theluji ikayeyuka, hakugusia. Nikaanza kuogopa woga mwingine, ule wa mzee anayesikia nyumba ikinyamaza. Neno alinipa mkononi, nikalirudisha kwa ujinga wa uungwana.

Asubuhi moja ya Julai niliamka kitanda hakina mtu. Nikakimbilia dirishani. Baiskeli haipo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Nikakaa sakafuni nivae soksi.

Simu ikalia mlio mmoja. Ujumbe. Niliufungua nikiwa nimekaa sakafuni.

Ilikuwa ramani. Ziwa, njia, msitu, na nukta moja katikati ya miti, mahali ambapo hakuna jina. Chini yake ameandika:

"Niko hapa. Leo siogopi kitu. Njoo na kisu cha uyoga. Futa ukishasoma."

Nikasoma. Nikafuta. Njia nilikuwa naijua, sikuisahau hata siku moja.

Osmo alikuwa kwenye ngazi yake na kikombe cha kahawa. Akaniona na buti za mpira na shati la kanisani, akaniuliza naenda wapi asubuhi yote hii.

— Kuoa, nikamwambia.

— Wapi?

— Hapo, Osmo, simwambii mtu.