Kiti cha Barkani

Kila Kadzo alipofuta lile jina, mtu alikohoa nyuma yake. Aligeuka, akamwona Arsalan tu, mwenzake wa kazi, amesimama mlangoni anakula bhajia.

"Una kifua?"

"Mimi? Nilidhani ni wewe."

Ofisi yao ilikuwa ghorofani, Mji wa Kale, mchana wa jua kali, mikokoteni ikipita chini. Walitunza lugha ya programu ya kufundishia watoto shuleni. Katika maktaba yake ya vipande vya programu mlikuwa na moduli ya kupanga kazi, iliyoitwa barkani. Wateja wapya walisema hilo ni jina la jini, hawalitaki madarasani. Bosi wao, Huzefa, akaamuru iitwe mratibu. Basi nyaraka zote za lugha zilipaswa kufuata: kila ukurasa, kila mfano, barkani itoke, mratibu iingie. Kazi hiyo akatwikwa Kadzo.

Na Kadzo alikuwa amepinga, waziwazi, mbele ya wote.

"Bwana Huzefa, Bi Mejumaa wa chini amepanda ngazi kukueleza. Najmuddin aliyeitunga lugha hii, nyanyake alikuwa na pepo, Barkani; bibi ndiye kiti chake, pepo akimpanda na kusema kwa kinywa chake. Bibi alipokufa, Barkani akataka kiti kingine katika ukoo. Najmuddin hakutaka kutoa mwili wake, akampa hii moduli. Watoto huiita kwa jina kutwa, naye ametulia. Ukitaka kumtoa, sharti umwombe kwanza."

"Ajuza muuza udi atanifunza programu?"

"Hakufunzi programu. Akwambia kilichomo."

"Fanya kazi, au rudi kwenu Kaloleni ukafue nazi."

Hivyo ndivyo mwenye cheo anavyojibu hoja iliyomshinda. Kadzo alikuwa na mama wa kulisha. Akafanya.

Arsalan alifuta mafuta ya bhajia vidoleni, akaketi kujaribu mfano wa kwanza wenye jina jipya. Akabonyeza. Chumba kikanuka udi na nywele zinazoungua.

"Kadzo," alinong'ona, "kuna mtu amenishika kisogo."

Kabla Kadzo hajainuka, uso wa Arsalan ulipigwa juu ya meza, ukainuliwa, ukapigwa tena, damu ikaruka hadi kwenye kioo cha kompyuta, meno yakatawanyika kati ya vibonyezo, na Kadzo alipomkumbatia kiunoni kumvuta alihisi nguvu isiyo ya binadamu ikiwavuta wote wawili, huku viti vikijipigiza ukutani na madirisha yakijifunga moja baada ya jingine, na pua ya kijana yule ikizidi kulainika kwa kila kishindo.

"Usimvute, utamvunja shingo!" Bi Mejumaa aliingia pekupeku, chetezo mkononi. Huzefa akatoka chumbani mwake, akaganda.

"Barkani, bwana wangu," bibi akasema kwa sauti ya chini, "wataka nini?"

Mdomo uliopasuka wa Arsalan ukajibu, sauti si yake. "Nani ameniondoa kitini pangu?"

"Huyu!" Huzefa alimnyooshea Kadzo kidole. "Tazama, kila badiliko limeandikwa jina lake! Mpande huyu!"

Ni kweli. Mashine huandika jina la aliyebadilisha. Haiandiki jina la aliyeamuru.

Arsalan akaanguka kama gunia. Kitu kizito, baridi, kikampanda Kadzo mgongoni, magoti yakimkandamiza mbavu hadi zikalia, vidole visivyoonekana vikimpanua taya. Aliogopa mpaka akajikojolea. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga.

"Mkono ni wangu," alisema kwa shida, ulimi ukitoka damu. "Sikatai. Amri ilikuwa ya nani? Muulize! Nilimwambia akuombe ruhusa, akanitukana!"

"Mwongo huyu!" Huzefa akapiga kelele.

"Nyamaza, mwanangu," Bi Mejumaa akamnong'oneza Huzefa. "Barkani alikuwa humu. Alisikia yote."

Uzito ukamtoka Kadzo. Huzefa alirushwa ukutani, kichwa kikagonga, miguu ikaning'inia juu ya sakafu. Kinywa chake kikafunguka, kikazidi kufunguka, pembe za midomo zikachanika hadi mashavuni, na koo likapanda na kushuka kama linalomeza kitu kikubwa. Kisha akatua, taratibu, akajipangusa koti.

Jumatatu Arsalan alikuwa hospitalini, taya limefungwa waya. Huzefa alifika kazini mapema, mashavu yameshonwa, akinuka udi. Alivuta kiti karibu na Kadzo.

"Fungua nyaraka. Kila palipoandikwa Huzefa, andika Barkani."

Mkono wake wa kushoto ukarukia kifundo cha mkono wa Kadzo, ukakibana. Machozi yakamtiririka, ingawa uso ulikuwa umetulia. Mkono wa kulia ukaubandua wa kushoto, ukauweka mezani, ukavikunja vidole kwa nyuma, kimoja kimoja, kama mtu avunjavyo bamia.

"Futa," akasema.

Kadzo alimtazama yule mtu aliyelia ndani ya yale macho, aliyekuwa tayari kumtoa yeye kafara bila hata kumeza mate. Akasukuma karatasi na kalamu.

"Niandikie amri hiyo. Utie sahihi."

Mkono wa kulia ukaandika bila kusita. Kadzo akasoma, akahakikisha jina lake yeye halimo.

Akafuta.