Mkaaji Asiye Kwenye Mkataba

"Notisi ya Pili Kuhusu Mkaaji wa Ziada Asiyeorodheshwa katika Mkataba wa Pango." Ndivyo barua ilivyojitambulisha, kwa herufi nene, imebandikwa kwenye mlango wa Nabintu pale Beechmont, kusini mwa Louisville, mahali ambapo kila aliyekwenda kituo cha basi angeweza kuisoma na kuisimulia. Notisi ya kwanza Nabintu hakuiona. Labda upepo uliichukua, na upepo nao haukuwemo kwenye mkataba. Ofisi ya majengo ilieleza, kwa adabu ya watu wasiotarajia kujibiwa, kwamba mkataba una majina matatu: Nabintu mwenyewe, mdogo wake Aksanti, na binti yake Chimène. Lakini fundi aliyeingia kubadilisha chujio la hewa alimkuta wa nne, kijana mwembamba kupita kiasi, amesimama jikoni kati ya friji na ukuta. Hakuitikia salamu.

Nabintu alikuwa ametoka zamu ya usiku kwenye ghala la viatu. Aliisoma barua amesimama, kisha akaisoma ameketi. Kati ya friji yake na ukuta hapaingii hata ufagio.

Alikwenda kupachungulia. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu tu, ile ambayo kwa siku kadhaa alikuwa akiisingizia bomba la maji: harufu ya majani yaliyooza chini ya miti mikubwa, kule ambako jua halifiki. Nabintu aliijua harufu hiyo. Aliwahi kulala ndani yake.

Mambo haya yalianza na safari, na safari ilianza na Doma. Doma alikuwa Mbuda aliyefukuzwa Bhutan akiwa mtoto, akakulia kambini Nepal, akaja Marekani kufunga viatu kwenye maboksi kando ya Nabintu. Kila mmoja alikuwa na nusu ya Kiingereza, na wakiziunganisha walipata kimoja kizima. Walielewana zaidi kwa mambo yasiyohitaji lugha: foleni ya unga, wadudu ndani ya unga, afisa anayeuliza tarehe ya kuzaliwa ya mtu aliyezaliwa vitani. Hata baada ya Doma kuhamia Whitehall, kule Columbus, walipigiana simu. Katika simu mojawapo Doma alimweleza sikukuu ya kwao. Kila mwaka watu wake hupanda milima ya mbali, kaskazini kabisa mwa jimbo la New York, wakawalisha wafu wasio na wa kuwalisha: waliokufa njiani, wasio na kaburi wala mtoto wa kuwakumbuka.

Nabintu alikuwa naye mmoja wa namna hiyo.

Walipokimbia kwao Walungu, mashariki mwa Kongo, na kupotelea msitu wa Shabunda, baba wa watoto akiwa amekwisha kuuawa, Nabintu alibaki na Aksanti, Chimène mgongoni, kitoto kichanga, na mwanawe mkubwa Eliezer akimshika nguo. Siku moja walipata muhogo mmoja. Aliula yeye, wote, ili maziwa yatoke kwa ajili ya kichanga. Eliezer alisema, "Mama, niko na njala," naye akamjibu, "Ngoja, mwanangu." Eliezer alikuwa mtoto msikivu. Alingoja. Walimwacha kando ya njia, wakamfunika majani.

Kwa hiyo Nabintu alikwenda. Mchungaji Rudasingwa wa kanisa lao aliambiwa wanakwenda kuona maporomoko ya Niagara, uongo ambao angalau upande wa jiografia ulikuwa safi, kwani walilala Buffalo. Aksanti ndiye aliyeendesha. Whitehall walimchukua Doma na masufuria yake, pamoja na lama mmoja, kuhani wa Kibuda, mzee mwenye raba nyeupe ambaye riziki yake ilikuwa kuwafundisha wenye nyumba za mtaa wa Clintonville namna ya kupumua. Buffalo walipika wali usiku kucha kwa dada yake Doma. Toka hapo barabara ikawa nyembamba, ramani ya simu ikang'ang'ania kwamba wako katikati ya ziwa, na Chimène, vidude vya muziki masikioni, akauliza kwa Kiingereza kama huko waendako kuna choo.

Vyoo vilikuwapo. Serikali ya wilaya ilikuwa imevihesabu na kubandika kibali chake mtini, chini kidogo ya bendera za maombi. Palikuwa na tarumbeta ndefu kama mitumbwi, watoto wenye vinyago, taa za siagi. Nabintu alitarajia kuogopa, akajikuta anachekacheka kama aliye harusini. Kisha Doma akamkumbusha sharti, ambalo alikuwa amelirudia njia nzima: chakula cha wafu kinawekwa juu ya mawe ukingoni mwa msitu, unasema na mfu wako, unageuka, unanyamaza. Hutazami nyuma. Na kwa hali yoyote humkaribishi mtu.

Nabintu aliweka wali na maharagwe. Akamsimulia Eliezer habari yote: muhogo, maziwa, neno alilomwambia. Akaomba msamaha, akageuka, akanyamaza. Mpaka hapo hakukosea lolote.

Walikaa majanini, wakaanza kula chakula chao wenyewe. Alikuwa ameinua tonge alipoona mtu amesimama kati ya miti: tumbo kubwa, shingo kama ufito, macho kwenye sahani yake. Sasa, kwa watu wa Nabintu, mtu akisimama akakutazama unakula, tonge halishuki. Si suala la kufikiri. Ulimi unatangulia, kama mkono unavyotangulia mtu anapojikwaa. Umasikini wote wa kambi haukuwahi kumwondolea adabu hiyo, na yeye alijivunia hilo.

"Karibu, baba," alisema. "Kuya tukule. Kwetu ni kwako."

Sahani ya Doma ilianguka.

Wakati wa kurudi Aksanti alilalamika kwamba gari linakuwa zito kwenye vilima. Kiti cha nyuma Chimène alinung'unika kuwa pameloa na mtu amemwekea goti. Akasogea kumpisha, bila kutoa vidude masikioni.

Nabintu hulala mchana, kwa hiyo usiku wake ni saa zile watoto wako shuleni na jirani anakata majani. Mwanzoni alisikia vyombo tu, sahani ikisuguliwa na kitu laini na kizito. Akadhani ni Chimène, mpaka akakumbuka Chimène yuko shuleni. Halafu akasikia kumeza: kumeza kwa taabu, kwa mtu ambaye koo lake halipitishi hata sindano, mmezo mmoja, kimya, mwingine. Na baada ya mmezo, toka kwenye ule ufa usioingia ufagio, sauti ya mtoto, ya chini, isiyolaumu.

"Mama, niko na njala."

Mtu mwingine angepiga yowe. Nabintu aliamka, akapika ugali na sombe ya majani ya muhogo, akasukuma sahani kati ya friji na ukuta, akakaa sakafuni akilia kwa furaha. "Kula, mwanangu," alimwambia. "Kula, hakuna kungoja tena."

Tangu siku hiyo Chimène alianza kupungua. Alikula, na alikula sana, lakini alisema kila kitu kina ladha ya karatasi. Suruali zikamvuka, pete ikamdondoka kwenye sinki. Shule ikaleta waraka wenye picha ya tufaha unaowakumbusha wazazi faida za mboga. Daktari akatafuta minyoo, kisha kansa, kisha akauliza kwa upole kama msichana anajitapisha kwa makusudi. Mchungaji Rudasingwa alikuja na mafuta, akanusa sebule, akasema hili ni pepo, kisha akaiagizia nyumba nzima mfungo. Hapo alikosea kama ambavyo mtu mwema pekee anaweza kukosea. Yule wa jikoni alipokosa sahani yake kwa siku ile moja, alijilisha kwa Chimène mwenyewe: asubuhi mifupa ya mabega yake ilikuwa imesimama chini ya fulana kama henga ya nguo.

Aksanti ndiye aliyempigia Doma, na Doma akamleta lama kutoka Columbus. Ofisi ya majengo ilidai gari lao liwe na kibali cha mgeni, halali kwa siku moja, kimewekwa mbele ya kioo. Lama alikijaza kwa utulivu mkubwa. Kati yake na yule mgeni wa jikoni, yeye tu ndiye aliyekuwa na karatasi.

Mchana ule mapazia yalifungwa. Chimène alilazwa kwenye kochi, blanketi limemfunika na halikuonyesha umbo la mtu chini yake. Lama alifinyanga mtu mdogo wa unga, akamweka kizingitini pamoja na sahani ya wali, mlango wazi. Aliimba kwa muda mrefu. Kisha akasema maneno machache, na Doma akayatafsiri akikwepa macho ya rafiki yake.

"Lama hawezi kumtoa. Alikaribishwa. Lazima aliyemkaribisha aseme kwa mdomo wake: umekula, sasa toka."

Nabintu alitikisa kichwa. Akasema wao hawaelewi, huyu si jini la msituni, huyu ni mtoto wake, anajua muhogo, anajua neno ambalo yeye hakumwambia binadamu mwingine.

"Ulilisema mbele ya mawe," Doma alijibu polepole. "Kila anachojua, ulimwambia wewe. Lama anasema hana jina. Mwite jina jingine lolote. Ataitika."

"Yaya," Aksanti alinong'ona, akimwita dada yake mkubwa. Alikuwa amepiga magoti. "Ile kitu haiko Eliezer. Eliezer alikufa, miye nilimufunika na majani na mikono yangu. Yaya, angalia Chimène. Huyu ndiye mtoto yako."

Nabintu alimwangalia Chimène, na Chimène akafungua macho, makubwa sasa kuliko uso, akasogeza midomo bila sauti. Naye alikwisha kuvuta pumzi ya kusema, neno la kwanza lilikuwa tayari nyuma ya meno, wakati friji ilipoacha kunguruma na harufu ya majani yaliyooza ikapanda toka sakafuni kama maji yanavyopanda, ikafika magotini, ikafika kifuani, na ndani ya kimya hicho kitu kikajivuta toka kwenye ufa, kwanza vidole, kisha ile shingo isiyokwisha, kikiburuta nyuma yake tumbo lililoguna juu ya vigae, kikaja taratibu kama mtoto anayeogopa kuadhibiwa mpaka kikamshika nguo, pale pale ambapo Eliezer alizoea kushika, kikasema kwa upole:

"Mama, nimengoja."

Wote waliisikia. Lama alisimama na kengele mkononi, akingoja naye. Kulikuwa na maneno matatu tu ya kusema.

"Miye siwezi kumwambia tena," Nabintu alisema. "Mara ya pili, siwezi." Akainama, akaokota ile sahani ya wali kizingitini, akaiweka ndani.

Lama alifunga kengele yake kwenye kitambaa. Mlangoni aliegemeza paji la uso kwenye ukuta kidogo, kisha akaenda kukaa garini. Aksanti alimbeba Chimène mpaka hospitali, na hakurudi kulala nyumba ile. Hospitali ilimlisha kwa mpira wa puani, chakula cheupe chenye kila kitu kinachohitajika na mwanadamu. Waliandika kiasi kilichoingia na uzito uliotoka, na wataalamu wakaja kuitazama chati kwa heshima, kama watu wanaotazama mchezo wa karata. Alikufa asubuhi, zamu ya mama yake ikimalizika. Kwenye cheti, mahali pa sababu, waliandika kwamba haikubainika.

Aksanti alizika, kanisa likaimba. Jina lake alilitoa kwenye mkataba wiki iliyofuata, na wala hakuaga.

Siku ya kwanza aliyorudi kazini, Nabintu alifika nyumbani akakuta barua mlangoni. "Taarifa ya Kufungwa kwa Suala la Mkaaji wa Ziada." Ofisi ilifurahi kumjulisha kwamba, kwa mujibu wa ukaguzi wa karibuni, nyumba sasa ina wakaaji wawili tu, yaani chini ya idadi inayoruhusiwa, hivyo hakuna hatua zaidi itakayochukuliwa. Walimshukuru kwa ushirikiano.

Aliingia. Alisimama jikoni na koti lake, akautazama ufa. Lile jambo la majina lilikuwa limemkaa rohoni tangu mazishini, na sasa hakuwa na cha kuogopa, au alidhani hana.

"Jean-Baptiste," aliita. Jean-Baptiste alikuwa mume wake.

"Naam," ikajibu sauti ya mwanamume, nzito, iliyochoka.

Alishika meza. Nje jirani aliwasha mashine yake ya majani, na watoto wakapita kwenda shule. Kisha akaita tena, kwa sauti ndogo sana.

"Chimène."

"Mami," sauti ilijibu kwa Kiingereza, kivivu, kama ya msichana mwenye muziki masikioni. "Nina njaa."

Nabintu alivua koti, akawasha jiko.

Kilichotokea hasa ni hiki: Nabintu alimkaribisha mgeni mlimani, akaambiwa amtoe, hakumtoa, na binti yake akafa kwa njaa huku akilishwa.