Nani Avuke Daraja?

Fundi alikuwa na cherehani yake karibu na dirisha, na dirisha lilitazama barabara. Zamani wapita njia walimsalimia. "Fundi, habari za kazi?" Siku hizi walipunguza mwendo, wakachungulia anashona nini, halafu wakaenda zao kimya.

Sababu ilijulikana. Fundi alizaliwa bondeni, akaolewa huku mlimani. Na sasa watu wa mlimani na wa bondeni walikuwa hawaivi chungu kimoja.

Ugomvi ulianzia kwenye mfereji. Kiangazi kilipokuwa kikali, watu wa juu waliufunga, maji yasishuke. Wa chini wakaja juu kwa hasira, ghala likachomwa moto. Kisha kijana mmoja wa huku akauawa darajani. Tangu hapo daraja lilizibwa kwa magogo. Mama yake fundi alibaki ng'ambo, mjane, mgonjwa wa miguu.

Simu ilipolia, jirani alikuwa ameshafika mlangoni.

"Nani huyo?"

"Mama."

"Anasemaje?"

"Miguu inamuuma."

"Miguu tu?" jirani aliuliza, huku amekodoa macho.

Jioni moja mume wa fundi, ambaye ni seremala, alirudi na habari.

"Wilaya imetuma msuluhishi," alisema. "Mama mmoja hivi, mgeni. Kesho tunakutana tuchague mjumbe wa amani. Mtu wa kwenda bondeni na kurudi, mpaka watu wazungumze."

"Na nani anatajwa?"

"Kaka yangu."

Fundi aliacha kukata uzi. Shemeji yake aliitwa Redio, kwa sababu hakuzimika. Sauti yake ilifika kabla yake. Kwenye mazishi ya yule kijana, ni yeye aliyepiga kelele kwamba daraja livunjwe kabisa.

"Tangu lini anataka amani?" aliuliza.

"Watu hubadilika, mke wangu."

"Hubadilika, ndiyo. Lakini kwa nini juma hili?"

Mumewe alianza kutafuta viatu vyake, na viatu alikuwa amevivaa.

Fundi hakulala vizuri. Alikuwa anajua jambo. Pembeni ya mfereji kulikuwa na tanuri la matofali. Watu waliambiwa ni la mgeni fulani kutoka mbali. Lakini aproni za wafanyakazi wa tanuri alizishona fundi mwenyewe, na aliyekuja kuziagiza, akachagua kitambaa, akabishana kuhusu mifuko, alikuwa Redio. Matofali hutaka maji mengi. Maji yakirudi bondeni, tanuri litapoa.

Asubuhi walikusanyika katika darasa la shule. Msuluhishi alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya chini. Watu walimtazama kwa mashaka. Mmoja alinong'ona, "Huyu katumwa na nani?"

Msuluhishi alimsikia, akacheka.

"Swali zuri. Endelea kuuliza hivyohivyo. Leo niulizeni hata mimi."

Kisha akaeleza. "Mjumbe wa amani si hakimu, wala si wakili wenu. Hatoi uamuzi. Anabeba maneno. Akitia chumvi, watu wanakufa. Akipunguza, watu wanakufa. Kwa hiyo msiniambie nani anaongea vizuri. Niambieni nani anasikiliza."

Redio alikuwa ameshasimama.

"Mimi nawajua watu wa bondeni kama kiganja changu! Nitawaambia ukweli usoni!"

Watu walipiga makofi. Msuluhishi alingoja makofi yaishe.

"Asante. Nina swali ambalo namuuliza kila mtu. Je, una kitu chochote kitakachopata faida au hasara mazungumzo haya yakifanikiwa? Shamba? Biashara? Mkataba?"

"Mimi? Sina. Nina moyo wangu tu."

Fundi alisogea mbele kwenye benchi. Mumewe alikuwa amekaa mbele yake. Aligeuka, akamtazama. Macho yake yalisema, nakuomba, usiseme.

Akisema, wangesema mtu wa bondeni ameanza. Akinyamaza, Redio angevuka daraja, akarudi na uongo, na mama yake asingetoka kule. Fundi alisimama.

"Shemeji, na lile tanuri la matofali je?"

Darasa lililipuka.

"Si tulisema! Huyu ni wa kwao!"

"Msaliti! Mtoeni!"

Redio alicheka kwa nguvu mno. "Shemeji yangu ana homa. Tanuri ni la mgeni, kila mtu anajua."

Hapo seremala aliinuka. Alisimama taratibu, kama mtu anayenyanyua gogo.

"Mke wangu hasemi uongo," alisema. "Tanuri ni la kaka yangu. Mlango wake nimeutengeneza mimi. Nilinyamaza kwa sababu ni ndugu yangu. Nisameheni."

Redio alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza hakikutoka kitu. Alichukua kofia yake, akatoka nje.

"Hatujamfukuza," msuluhishi alisema. "Akitaka, atakuja kwenye mazungumzo aseme haja yake waziwazi. Mwenye haja ana haki ya kusikilizwa. Ila hawezi kubeba maneno ya wengine. Haya, nipeni jina jingine."

Mwalimu mmoja alisema, "Bibi Sindano?"

Manung'uniko yalianza upya. Bibi Sindano alikuwa daktari wa mifugo. Alitibu ng'ombe wa juu na mbuzi wa chini. Hakucheka ovyo. Hata sasa alipita kwa njia ya mawe chini ya daraja, na pande zote zilimwacha apite kwa sababu wanyama waliumwa.

"Yule ni ndumilakuwili," jirani wa fundi alisema. "Huenda kule kila mara. Ukimuuliza ameona nini, hakwambii!"

"Hakwambii kabisa?" msuluhishi aliuliza.

"Neno hata moja! Mimi nimemuuliza mpaka nimechoka."

"Na kuna yeyote hapa aliyesikia siri ya mlimani imefika bondeni kwa mdomo wake?"

Jirani alifikiri. Alitaka kusema ndiyo, lakini hakupata mfano.

"Hapana," alisema kwa shingo upande.

"Basi nami niwaambie. Bondeni wamemtaja huyohuyo."

"Umeona! Kumbe ni mtu wao!"

"Na wao wakisikia mmemtaja ninyi, watasema ni mtu wenu," msuluhishi alisema. Watu wachache walicheka bila kutaka. "Hamlazimiki kumpenda. Atafuatana na watu wawili, mmoja wa huku, mmoja wa kule. Wote watasikia yanayosemwa. Na upande wowote ukiona anapotosha, unaweza kumkataa."

Bibi Sindano alikuwa ameketi nyuma. Alisema, "Nitakubali, ila msiniulize njiani nimesikia nini."

Alikwenda na kurudi, akaenda tena. Watu hawakuacha kumshuku. Walinusa maneno yake kama maziwa ya jana. Lakini kila walipoulizia bondeni, walikuta ujumbe umefika kama walivyousema. Wazee wa pande mbili wakakutana. Familia ya yule kijana ilisikilizwa kwanza. Wenye ghala nao wakasema yao. Mwishowe walikubaliana zamu za maji, na Redio akapewa zamu yake kama wengine, bila kuzidi.

Siku ya kuondoa magogo, watu walijaa pande zote za daraja. Njia ilikuwa wazi, lakini hakuna aliyetia mguu. Kila upande ulikuwa unaangalia mikono ya upande mwingine.

Kule mbele, fundi aliona mwanamke mzee mwenye fimbo. Mama yake alikuwa amekonda. Fundi alivua viatu, akaanza kutembea. Nyuma yake alisikia hatua nyingine. Aligeuka kwa hofu.

Alikuwa jirani yake, amebeba kiti.

"Nakuja kuhakikisha kama kweli ni miguu tu," jirani alisema. "Na kama ni miguu, atakaaje?"