Magoti ya Priscille

Kila asubuhi Priscille aliamka kwa hatua. Kwanza aligeuka ubavu, kisha akashusha miguu kutoka kitandani, akashika ukuta, ndipo akasimama na kusubiri nyonga zake zikubali kutembea. Mama yake, Mama Agnès, alikuwa nje akichochea moto, kwa hiyo hakuyaona hayo. Priscille alipotokea mlangoni, alikuwa ameshavaa tabasamu lake.

Alikuwa na miaka kumi na miwili. Familia yake ilivuka Ziwa Mweru kutoka Kongo alipokuwa mtoto mdogo, wakapitia kambi ya wakimbizi ya Kenani, na sasa waliishi Nchelenge, karibu na ufuo. Miaka miwili iliyopita lori alilopanda lilipinduka, magunia ya mihogo yakamwangukia, akavunjika mifupa ya nyonga. Alilazwa hospitalini miezi mitatu. Aliporudi akitembea, Mama Agnès alisimama kanisani huku akilia kwa furaha, akatangaza kwamba mwanawe amepona kabisa. Vigelegele vilipigwa mpaka wapita njia wakachungulia madirishani.

Tangu siku hiyo Priscille alifunga mdomo. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kidogo, benchi la shule lilimuumiza kama amekalia mawe, na siku za baridi maumivu yalimshika kiunoni. Lakini angesemaje kwamba anaumia, na mama ameshamshukuru Mungu mbele ya watu wote?

Shida kubwa zaidi ilikuwa magoti. Nchelenge, msichana akimsalimu mtu mzima hupiga magoti. Kupiga magoti Priscille aliweza. Kuinuka ndiko kulikomshinda. Basi kila alipopita na ndoo yake ya maji mbele ya nyumba ya jirani yao, bibi ambaye mtaa mzima ulimwita Banakulu Nsama, aliinamisha kichwa, akasema "Mwapoleni", salamu ya huko, harakaharaka, kisha akatokomea kama mwizi wa kuku.

Banakulu Nsama hakuwa mtu wa kuchezea. Aliuza samaki kisiwani Kilwa, mlemle ziwani, na ng'ambo ya Kongo kwa miaka mingi, Kiswahili chake alikipata huko, na macho yake hayakupitwa na kitu. Tena ndiye aliyempa Mama Agnès kipande cha shamba alimopanda maharage na viazi vitamu. Bila shamba hilo, chungu chao kingekuwa kitupu.

Ijumaa moja Katongo, mjukuu wa bibi huyo, alimvuta Priscille pembeni baada ya masomo.

"Banakulu amekukasirikia. Anasema uko na kiburi, haupigi magoti. Kesho atamwambia mama yako atafute shamba kwingine."

"Mimi? Kiburi?"

"Sasa magoti yako yana nini?"

Priscille aliegemea mguu wake wa kulia. "Hayana kitu," alijibu.

Alirudi nyumbani akiwa na hofu nyingi. Shamba likipotea, litakuwa limepotea kwa sababu yake. Aliamua kwamba kesho atapiga magoti, liwalo na liwe.

Jumamosi Banakulu Nsama alifika, akaketi kwenye kiti bila kucheka na mtu. Priscille alileta kikombe cha maji juu ya sahani, akapiga magoti mawili chini. "Mwapoleni mukwai," alisalimu kwa heshima.

Bibi alishangaa kidogo. Alikunywa polepole, akarudisha kikombe. Priscille alijaribu kuinuka, maumivu yakamkata kiunoni. Akaweka mikono chini, akajaribu tena. Jasho lilimtoka, kisha machozi.

"Inuka, mutoto," bibi alisema.

"Siwezi."

Mama Agnès alimrukia, akamnyanyua kwa makwapa. "Priscille! Juu ya nini haukuniambia?"

"Ulisema mbele ya kanisa ya kuwa nimepona. Niliogopa batu baseme mama yangu alidanganya Mungu."

Mama Agnès alikaa chini palepale kwenye vumbi, akamkumbatia, akalia. Banakulu Nsama hakusema lolote kuhusu shamba. Alisema neno moja tu: "Muende kwanza kliniki." Akaondoka.

Jumatatu wakaenda. Mtaalamu wa mazoezi alimpima Priscille miguu, akaeleza kwamba mifupa imeunga vizuri, ila nyonga iliyovunjika vile huweza kusumbua miaka mingi. Alimfundisha mazoezi ya kila siku, akamkataza kupiga magoti na kubeba mizigo mizito, akaandika barua ili shuleni akalie mto.

Waliporudi walimkuta Banakulu Nsama anawangoja nje ya nyumba yao. Mama alieleza yote, na bibi akasikiliza hadi mwisho.

"Shamba ni lenu," alisema. "Nilikosea. Niliangalia magoti, sikuangalia mutoto. Lakini na weye, Priscille, ulikosea. Ulipona, ni kweli. Unaumia, na hiyo pia ni kweli. Ukificha moja, batu watatafuta sababu yao, na sababu niliyoipata mimi ni kiburi."

"Nisamehe, Banakulu."

"Tusameheane. Na heshima haikai kwa magoti tu. Wazee wetu wakichoka miguu, wanasalimu kwa makofi. Kunja viganja, hivi, piga pole pole."

Priscille, akiwa amesimama, alipiga makofi mazito ya taratibu. Banakulu Nsama, mwenye mvi kichwa kizima, naye akampigia makofi, jambo ambalo Priscille hakulitarajia maishani mwake.

"Sasa sema mbele ya mama yako," bibi alisema. "Unaumia wapi, na wakati gani?"

Priscille akaeleza yote, kuanzia asubuhi anapoamka, wala hakuruka kitu.