Neno Moja la Kiha Lililonitoa Nyumbani Kwangu

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na minne, mjane, mzaliwa wa Ujiji. Nauza dagaa Katonga, kando ya ziwa. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo mkikuta nimekosea kuandika mnivumilie. Tangu nilipoolewa nina tabia ya kuandika mambo yangu kwenye daftari, na haya ninayowasimulia nimeyatazama humo kwanza, maana kichwa changu sikiamini sana siku hizi.

Marehemu mume wangu nilimwita Baba Zubeda, kwa jina la binti yetu, mtoto pekee tuliyejaliwa. Alikuwa Muha wa vijiji vya Kasulu, mchuuzi wa mawese. Mimi Kiha sikijui. Tena sikutaka kukijua! Akiongea na ndugu zake kwenye simu nilikuwa namtania, "Punguza kilugha, bwana, hapa ni Ujiji." Naye anajibu, "Haya, siku nikikusengenya utajuaje?" Tunacheka. Nilijiona mtoto wa mjini kweli kweli...

Tulinunua kiwanja Gungu kwa pesa yetu. Siku ya kuandikishana muuzaji alikuwa na haraka, na Baba Zubeda alikuwa vijijini anakusanya madumu ya mawese. Akampigia simu mdogo wake, Juma, asimame badala yake. Basi ile karatasi ya mauziano ikaandikwa jina la Juma.

Hapa lazima niseme haki. Juma hakuiba jina. Aliagizwa na kaka yake akaenda. Na tulipojenga, msingi aliuchimba kwa mikono yake, mpaka viganja vikachubuka. Sisi tukahamia, tukaishi miaka sita, karatasi ikakaa kabatini. Nani angeikumbuka?

Aliikumbuka mume wangu. Siku hiyo alitoka msibani kwa rafiki yake, ambako ndugu walikuwa wanagombania urithi hata tanga halijaanuliwa. Alinikuta uani nachambua dagaa. Akaniambia anataka kumwita mwenyekiti wa mtaa pamoja na Juma, jina libadilishwe, na aandike kabisa nyumba ni ya nani siku akifa.

Nilishtuka kama nimemwagiwa maji ya moto!

"Baba Zubeda, usituletee uchuro! Mtu mzima na afya yako unajichimbia kaburi?"

"Karatasi haiui mtu, mke wangu."

Sikumsikiliza. Nilimwambia anayegawa mali yake akiwa hai anamwita Izraili mlangoni. Ndivyo nilivyolelewa, kwamba kifo hakitajwi ndani ya nyumba. Nililia, nikasusa chakula... Mwisho akasema basi, yaishe. Kwenye daftari niliandika hivi: "Leo B.Z. kaleta habari za kufa. Nimemkataza. Kakubali." Nimeandika kama mtu aliyeshinda. Kushinda nini?

Hata mwezi haukuisha. Asubuhi anainua dumu la mawese, likamponyoka. Nikatoka kumgombeza kwa kumwaga mali. Nikakuta mdomo umevutwa upande mmoja, mkono wa kulia umelegea, macho yananitazama... Jamani! Tukamkimbiza hospitali. Ilikuwa kiharusi.

Alipoanza kutoa sauti, siku ya tatu, Kiswahili chote kilikuwa kimemtoka! Mtu aliyenitongoza kwa Kiswahili, aliyemfundisha mwanangu kusoma kwa Kiswahili, sasa anatamka Kiha tu, tena kwa ulimi mzito. Daktari alinieleza kwamba hutokea, lugha ya utotoni ikabaki peke yake. Nilikaa ubavuni pake kama mgeni. Akitaka maji, namletea shuka. Akilia, sijui analilia nini.

Juma alilala kwenye veranda ya hospitali siku zote zile. Sitalificha hilo. Shangazi yao naye akateremka kutoka kijijini, mama mkali asiyezunguka maneno. Akasema, "Muulizeni mambo yake kabla Mungu hajamchukua."

Juma akainama kitandani, akamuuliza kwa Kiha nyumba ya Gungu ni ya nani. Tulikuwa pale mimi, Juma na shangazi, basi.

Mume wangu akasema, "Inzu..." Hilo nalijua, ni nyumba. Kisha likafuata neno moja, limevurugika mdomoni, akalirudia mara mbili.

Shangazi akasema, "Kasema mwenewachu. Ndugu yetu. Kamtaja Juma."

 Juma mwenyewe aliinamisha uso.

Mimi nilimtazama mume wangu. Alikuwa ananiangalia mimi, machozi yanamtiririka mpaka kwenye mto. Alitaka niseme neno. Neno gani, nami sikuelewa hata moja? Nikamfuta machozi, nikamwambia, "Nyamaza baba, utapona." Alifariki kesho yake adhuhuri.

Nilikaa eda ndani ya nyumba ile ile, na Juma hakunibughudhi. Jirani yangu mmoja, mwanamke wa Kiha mzaliwa wa Rusimbi, alikuwa anakuja kunifariji. Siku moja nikamsimulia. Akaniuliza taratibu, "Dada, una hakika hakusema umwana wachu?"

Nikamuuliza maana yake.

"Mtoto wetu."

Wasomaji wenzangu! Mwenewachu, umwana wachu... kwa mdomo uliopinda, nani angetofautisha? Nikakimbilia daftari. Siku ile nilikuwa nimeandika: "Kasema inzu, halafu mwe au mwa, sikusikia vizuri."

Eda ilipoisha tuliitwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa na wazee. Karatasi ina jina la Juma. Shangazi akaapa alichosikia, na mimi naamini aliapa kwa moyo safi. Halafu mwenyekiti akanigeukia: "Na wewe mama, ulisikia nini?"

Ningeweza kusema umwana wachu. Ulimi ulikuwa umeshafika hapo. Juma alinitazama kama anayengoja nimpige au nimwache. Lakini mimi sikusikia hivyo! Nilisikia sauti ya mgonjwa. Nikasema, "Mzee wangu, sikujua alichosema."

Yakaishia hapo, nyumba ikawa ya Juma. Mwenyekiti aliniambia naweza kwenda mahakamani. Ningepeleka ushahidi gani, daftari langu lenye "mwe au mwa"?

Juma alituachia chumba cha uani. Mwaka haukupita mkewe akaugua, akaiuza nyumba amtibie. Nimlaumu? Kuna siku namlaumu sana, na kuna siku nafikiri hata mimi ningeiuza. Mnunuzi alitaka uwanja wake wote. Tukaondoka na magunia mawili ya vyombo. Sasa tumepanga chumba kimoja Katonga, kinanuka dagaa mpaka kwenye madaftari ya shule ya mwanangu.

Zubeda ana miaka kumi na sita. Juzi tunaanika dagaa akaniambia bila kuniangalia, "Mama, si ungesema tu umesikia mwana?"

"Ningekuwa nimesema uongo, mwanangu."

"Na kama ndicho alichosema baba, nani kasema uongo?"

Nikaendelea kugeuza dagaa juani.  Mpaka leo sijui kama nilitenda haki au nilimdhulumu mtoto wangu kwa kuogopa dhambi. Ninachojua kwa hakika ni kimoja: Baba Zubeda alipokuwa na ulimi wake alitaka kusema, nami mkewe ndiye niliyemziba mdomo. Si Juma. Si shangazi. Ni mimi!

Dada zangu, kaka zangu, nawaomba kwa machozi. Mwenzako akitaja habari za mali na kufa, usimwambie analeta uchuro. Msikilize. Jina lililokaa vibaya kwenye karatasi lirekebisheni mkiwa wazima, mbele ya mashahidi, mtie sahihi wote. Na kama umeolewa na mtu mwenye lugha yake, jifunze, hata maneno machache.

Kama mumeo au mkeo yuko karibu nawe sasa hivi, acha kusoma. Muulize. Akucheke, akukasirikie, akuone una mkosi... wewe muulize tu, wakati ungali unaelewa anachokujibu.