Mke wa Majaribio

Jibu lilikuja kwenye kompyuta ambayo haikuunganishwa na waya wowote wa simu.

Ilikuwa mwaka 1999, huko mtaa wa Panda, mjini Likasi. Viwanda vilikuwa vimenyamaza, na mafundi wa jana walikuwa wakichimbua mawe ya madini kwenye machimbo ya Kamatanda kwa mikono. Théophile alikuwa na bahati, alijua kompyuta. Padri Stanislas wa parokia alimpa kazi ya kutengeneza tovuti ya kuwatafutia watu ndugu zao waliotawanywa na miaka ya kufukuzana, na kisha na vita.

"Utatengeneza mbili," Padri alimwambia. "Moja ya kujaribia, ikae kwako nyumbani. Ingine ya kweli iko huku ofisini, kwa simu ya satelite. Ile njo dunia nzima inaona. Usizichanganye. Na mu ile ya kujaribia usitie muntu wa kweli. Bantu balisha kuteseka."

Basi Théophile akabuni mwanamke, akampa jina Tina. Picha alikuwa nayo. Aliiokota zamani kwenye kituo cha treni, wakati ule watu wa Kasai walifukuzwa mjini na familia nzima nzima zililala pale sakafuni zikingoja kupelekwa kwao. Mwanamke wa kitambaa cha njano kichwani, asiyecheka. Chini ya picha akaandika: Anatafutwa na mumewe, Théophile, Panda.

Germaine, mkewe, alisogea nyuma yake na mtoto wao Reine mgongoni, akasoma.

"Unatafuta bibi mwengine?"

"Ni ya kujaribia tu. Inaomba jina la bwana, minaweka yangu."

"Na huyu wa picha, unamujua?"

"Hapana."

"Basi usimuite, Baba Reine. Banamuke wengi balikufia pale ku gare, kwa treni."

Théophile alicheka. Kesho yake adhuhuri, umeme uliporudi, alikuta maneno mapya chini ya picha: Nimesikia unanitafuta. Minakuya.

Alikagua nyuma ya mashine. Hapakuwa na waya ila ule wa umeme. Akamwita Germaine kwa hasira.

"Minye?" Germaine alishangaa. "Hata kuiwasha siyuwe."

Akafuta ukurasa wote. Umeme ukakatika, ukarudi, na ukurasa ukarudi nao.

Tangu hapo, jua likiwa utosini na mtaa umetulia kwa joto, walisikia mizigo ikiburutwa barazani. Théophile alifungua mlango, hakuona mtu. Ila harufu ilikuwapo, ikaingia ndani na kukaa kwenye mapazia na kwenye sufuria: harufu ya chokaa, ile iliyomwagwa juu ya maiti wa kipindupindu kule kituoni. Germaine alishindwa kula. Reine alianza kupungia mkono mlango mtupu.

Katikati ya hofu hiyo Padri alituma ujumbe kwamba wazungu wa ng'ambo wanaolipia kazi hiyo wamechoka kungoja, tovuti ifunguliwe leo. Théophile alitaka tu kitu kile kitoke nyumbani kwake. Akanakili kila kitu kwenye disketi bila kuchambua, akakimbia parokiani, akaimimina yote kwenye mashine ya kweli, kurasa za kujaribia na za kweli kwa pamoja, akarudi akihema.

Jikoni, mwanamke wa kitambaa cha njano alikuwa akisonga bukari, ugali wa mahindi. Reine alikuwa mgongoni mwake, amelala.

"Karibu, Baba Reine," alisema bila kugeuka.

Germaine alisimama kando ya ukuta, mikono kichwani. "Théo," alinong'ona, "iko anasema njo nyumba yake. Mutoto anamuita mama. Minalia kwa barabara, hakuna mwenye ananisikia." Jirani akapita dirishani, akasalimu: "Mama Reine, jambo!" Wanawake wote wawili waliitika, lakini jirani alimtazama yule wa kitambaa cha njano tu, akacheka naye, akaenda zake.

Théophile alirudi mbio ofisini. Kwenye mashine ya kweli picha ya Tina haikuwapo. Mahali pake ilikuwapo picha ya Germaine, na chini yake: Amepotea. Hakuna anayemtafuta. Alifuta, ikarudi. Akafuta tena.

Padri Stanislas aliinama kutazama. Ndiye aliyewafungisha ndoa. "Masikini," alisema. "Huyu mwanamuke ni nani?"

Hapo Théophile akaenda kwa Mama Georgette, mwombaji wa kanisa dogo la uamsho, aliyesifika kwa kufukuza pepo. Mama Georgette alipoingia nyumbani alinusa, akasimama katikati ya sebule, akafumba macho.

"Banamuke ni wawili," alinong'ona. "Mumoja hana nyumba. Mwenye kumuita njo mwenye kumufukuza. Nitaomba, na weye utataja jina lake, mara moja tu. Mwenye utataja ataenda, hatarudia tena."

Akaanza kuomba. Vikombe vililia kabatini, harufu ya chokaa ikazidi hadi macho yakatoa machozi, na Germaine, ambaye sauti yake ilikuwa imeshakonda kama ya mtu aliye ng'ambo ya mto, akaanza kuita, "Sema, Théo, sema mbio, minachoka," huku Tina akimsogelea Théophile polepole, akimtikisa mtoto mgongoni kama mama yeyote anavyombembeleza wake, mpaka midomo yake ya baridi ikagusa sikio la Théophile.

"Taja yangu, minaenda," alisema taratibu. "Lakini mutoto iko ku mugongo yangu."

Théophile alimtazama mkewe, ambaye hakuwa amesikia, na ambaye uso wake ulikuwa umejaa tumaini kwa sababu alijua, kama anavyojua mkono wake, ni jina gani mumewe angelitaja. Akatazama mguu mdogo wa Reine ukining'inia kwenye kikwembe cha kumbebea.

"Germaine," alisema.

Mkewe hakupiga kelele. Alimtazama tu, kama mtu aliyepigwa kofi na mama yake mzazi. Mlango ukafunguka wenyewe, na kitu kikamvuta kwa nyuma, visigino vikikwaruza saruji, hadi barazani, hadi kwenye jua, na kwenye jua hapakuwa na mtu.

Mama Georgette alipangusa jasho. "Yesu asifiwe. Imetoka." Akaaga, akaenda akiimba.

Tina alifungua kikwembe, akamteremsha mtoto sakafuni. Reine aliamka. Alimtazama mwanamke yule kwa muda mrefu, akakimbilia miguu ya baba yake.

"Baba, huyu ni nani? Mama iko wapi?"

"Atazoea," alisema Tina, akaweka bukari mezani na kuvuta kiti. "Ikala, ukule."