Mama Nimo Si Jina la Kupigia Kura

Kila asubuhi Shamso aliuza maziwa ya ngamia kando ya soko la Garissa. Alitandika gunia, akaweka chombo cha maziwa mbele yake, na binti yake mdogo, Nimo, akakaa ubavuni pake. Wanawake wa malishoni walimletea maziwa mapema, naye akawauzia watu wa mjini kikombe kwa kikombe.

Mumewe alikuwa mchotaji wa maji. Alikuwa na punda na madebe, na nyumba nyingi za mjini hazikupika chai mpaka afike na maji ya mto Tana. Jina lake lilikuwa Bulle, lakini hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa mrefu mno, kwa hiyo watu walimwita Dheere, yaani mrefu. Shamso naye aliitwa Mama Nimo. Majina hayo yaliwatosha.

Ilikuwa mwaka 1964. Kenya ilikuwa imepata uhuru majuzi tu. Lakini kwa watu wa Garissa uhuru ulikuja pamoja na vita. Watu wengi wa huko walitaka eneo lao liungane na Somalia. Vijana wengine walishika bunduki wakaingia porini, na serikali ikawaita shifta. Askari walijaa mjini. Jua likishazama, hakuna kutoka nje. Njiani kulikuwa na vizuizi, na kila mwanamume aliulizwa kipande chake, yaani kitambulisho. Wanawake hawakuwa na vipande.

Siku moja makarani walikuja sokoni na meza. Walikuwa wakiandikisha wapiga kura wa kumchagua mbunge. Foleni ilikuwa ndefu, jua lilikuwa kali, na karani alikuwa mgeni. Hakujua Kisomali. Shamso alijua Kiswahili kidogo tu, kile cha kuuzia maziwa.

"Jina?" karani aliuliza.

"Mimi Mama Nimo."

Karani akaandika Mama Nimo. Bulle alipofika mezani, rafiki zake walipiga kelele kutoka kwenye foleni, "Dheere! Dheere!" Karani akacheka, akaandika Dheere. Kila mmoja akapewa kadi, wakaenda zao.

Baada ya muda chifu alipita akitangaza. Alisema sheria ya kuandikisha wapiga kura imekazwa. Kila jina litaangaliwa upya. Mtu ambaye si raia atafutwa. Mtu ambaye jina lake halilingani na kipande chake atafutwa pia, asipokwenda kurekebisha.

Shamso alimwambia mumewe jambo hilo wakila anjera.

"Mimi nani asiyenijua?" Bulle alisema. "Hata punda wangu wanajulikana mji mzima."

"Lakini chifu amesema tuangalie majina."

"Nitakwenda. Acha kwanza watu wapate maji."

Hakwenda. Siku zikapita.

Asubuhi moja punda walirudi bila Bulle. Aliyewaswaga alikuwa Nunow, mchotaji mwenzake. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Wamemshika kizuizini," Nunow alisema. "Askari walimpekua. Kipande kinasema Bulle Diriye Nuh. Kadi ya kura inasema Dheere. Wakamwuliza, wewe ni nani kati ya hawa wawili? Akasema, wote ni mimi. Wakadhani anawachezea."

"Wamempiga?"

"Walimsukuma tu. Yule askari alikuwa kijana, naye aliogopa. Kuna shifta mmoja anatafutwa, naye anaitwa Dheere."

Akina Dheere walikuwa wengi nchi nzima. Kila mtaa ulikuwa na mmoja. Lakini askari kutoka mbali angejuaje?

Alimbeba Nimo, akaenda mbio kwa jirani yake, Hinda. Hinda alikuwa mjane wa askari polisi. Alikuwa ameishi na mumewe Isiolo na Nairobi, akajifunza kusoma. Sasa alikuwa akiwafundisha wanawake kisomo nyumbani kwake. Alikuwa amemwita Shamso mara nyingi, na mara zote Shamso alisema maziwa hayamngoji mtu.

Hinda alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavaa shela yake.

"Usilie kwanza, abaayo," alisema, maana yake dada yangu. "Kipande cha Bulle kina alama ya kidole chake. Kidole hakina jina la utani. Twende tukamchukue chifu."

Kituoni inspekta aliwasikiliza. Alikuwa amechoka, lakini hakuwa mtu mbaya. Chifu alimweleza kwamba Dheere ni jina la utani, kwamba kila Msomali anaweza kuwa nalo, na kwamba huyu anamfahamu tangu utoto wake. Inspekta akalinganisha kidole cha Bulle na alama iliyo kwenye kipande. Ikawa ndiyo ile ile.

"Mwachieni," alisema. Kisha akamgeukia Bulle. "Mzee, nenda leo leo kwa karani urekebishe hii kadi. Kesho utakutana na askari mwingine."

Bulle alitoka nje. Kanzu yake ilikuwa na vumbi begani. Hakumtazama mkewe usoni.

"Ulinambia," alisema.

"Twende kwa karani," Shamso alijibu.

Wakiwa njiani Hinda aliwaeleza. "Mbele ya serikali sema jina lako, la baba yako na la babu yako. Sema hayo hayo kila mahali. Kwenye kipande, kwenye kura, hospitali. Karani akishaandika, mwambie akusomee. Usiweke kidole kabla hujasikia jina lako."

Kwa Bulle kazi ilikuwa fupi. Karani alitazama kipande, akafuta Dheere, akaandika Bulle Diriye Nuh. Bulle akamwambia amsomee. Karani akasoma. Bulle akaweka kidole.

Kisha karani akachukua kadi ya Shamso.

"Mama Nimo si jina la kupigia kura," alisema. "Mjini hapa kuna akina mama Nimo wangapi? Jina lako nani?"

Hinda alitafsiri.

"Shamso Alio Hared."

"Ulizaliwa wapi?"

"Malishoni."

"Malisho ya wapi? Upande huu wa mpaka, au upande wa pili?"

"Sijui," Shamso alisema. Baba yake alikuwa mchungaji. Mvua ikinyesha huku alikuwa huku, ikinyesha kule alikuwa kule. Yeye mwenyewe hakukumbuka alipozaliwa. Nani anakumbuka?

Karani aliweka kalamu chini. Sauti yake haikuwa ya ukali. "Mama, mimi sikufukuzi. Lakini sheria inataka nijue kama wewe ni raia. Huna kipande. Nitafutie mtu mzima wa ukoo wako aliyekuwapo ulipozaliwa. Aje na chifu, aape. Ukimkosa, itabidi nikufute."

Nje, wanawake wawili waliosikia walianza kunong'ona. Mjini kulikuwa na uvumi kwamba wasio na karatasi watavushwa mpaka. Hakuna aliyejua kama ni kweli. Lakini Shamso alimkumbatia Nimo kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

"Nunow ataapa," Bulle alisema. "Ni rafiki yangu. Hatakataa."

"Nunow amemjua Shamso tangu lini?" Hinda aliuliza.

"Tangu nilipomwoa."

"Basi ataapa alikuwapo wakati mkeo anazaliwa, na yeye hakuwapo? Kiapo cha uongo ni jela, Bulle. Kwake na kwenu. Na ukweli wenyewe upo. Shamso, nani alikuwapo?"

Mama yake Shamso alikuwa amekufa. Baba yake pia. Alibaki mtu mmoja tu. Alikuwa kaka yake mkubwa, Warfa, mfanyabiashara wa ngamia.

Shamso alijua Warfa atasema nini. Warfa alikuwa hataki hata kusikia habari za kura. Siku ya makarani alipita sokoni akageuza uso. Tangu siku ile hakunywa maziwa kwa dada yake.

Alimkuta kwenye soko la mifugo, akikagua meno ya ngamia dume. Akamweleza yote. Warfa aliendelea kushika taya la ngamia, kana kwamba hasikii.

"Walaal," Shamso alisema, "nakuomba. Wewe ndugu yangu."

"Mimi na wewe tulikubaliana lini kwamba hii ni serikali yetu?" Warfa alisema. "Kabla ya uhuru watu wetu waliulizwa wanataka nini. Wakasema. Nani alisikiliza? Sasa unataka nikaweke mkono wangu kwenye karatasi yao. Hawa wenzangu hapa watasema Warfa amegeuka. Na wale walio porini watasikia."

"Sikuombi upige kura."

"Ni kitu kimoja."

"Si kimoja. Nataka uwaambie nilizaliwa wapi. Basi."

"Kwa nini unaitaka hiyo kura?"

Shamso alifikiri. Hakuwa amewahi kuulizwa.

"Maji ni ya mto na watoto wanaumwa matumbo," alisema. "Shule ni moja. Bulle ameshikwa kama mwizi kwa sababu ya jina. Nataka mtu wa kwetu akayaseme hayo kule Nairobi. Nikikaa kimya, nani atajua kwamba nipo?"

Warfa aliliachia taya la ngamia. "Nenda nyumbani," alisema. "Jua linazama."

Shamso alirudi akilia njia nzima. Bulle alimpikia chai yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu waoane. Chai ilikuwa na sukari nyingi mno. Shamso aliinywa yote.

Asubuhi alikwenda sokoni na maziwa yake kama kawaida. Alikuwa akimpimia mteja wa kwanza alipoona kivuli kimesimama mbele yake.

"Funga maziwa yako," Warfa alisema. "Huyo karani wako anaanza kazi saa ngapi?"

Walikwenda wote: Warfa, Shamso, Nimo, Hinda na chifu. Karani alileta msahafu. Warfa alitawadha nje, akaingia, akaweka mkono juu yake. Kabla ya kusema neno la kiapo alimtazama karani machoni.

"Mwambie jambo hili kwanza," alimwambia Hinda. "Mimi siapi kwa ajili ya kura. Kura sitapiga. Naapa kwa sababu ni kweli."

Hinda alitafsiri. Karani akaitikia kwa kichwa. "Kweli ndiyo ninayoitaka," alisema.

Warfa akaanza. Alisema dada yake alizaliwa karibu na Saka, ng'ambo hii ya Tana, mwaka ambao mto ulifurika. Walikuwa wamehamia mahali pa juu na mifugo. Yeye alikuwa mvulana. Wanawake walimtuma akatafute kuni kavu, na kuni kavu hazikuwapo, kila kitu kilikuwa kimelowa. Alikwenda mbali. Aliporudi alisikia mtoto analia ndani ya nyumba ya mikeka.

"Baba alichinja kondoo," Warfa alisema. "Akaniita, akanipa mtoto nimshike. Akanambia, huyu anaitwa Shamso. Mtazame vizuri, wewe ndiye mkubwa wake." Akaendelea. "Baba mwenyewe alizaliwa huko huko. Kaburi lake liko Saka. Kama wanataka kuliona, nitawapeleka."

Shamso hakuwa amewahi kuisikia habari ile. Alijifuta macho kwa ncha ya shela.

Chifu alithibitisha kwamba anaufahamu ukoo huo na kwamba hayo ni kweli. Karani aliandika polepole. Akageuza daftari. "Shamso Alio Hared," alisoma. "Amezaliwa Saka. Raia wa Kenya kwa kuzaliwa. Ni sawa?"

"Soma tena," Shamso alisema kwa Kiswahili chake.

Karani akasoma tena. Shamso akaweka kidole.

Tangu siku hiyo alianza kisomo kwa Hinda kila alasiri. Maziwa yakiisha, alikwenda huko pamoja na wateja wake. Waliokuwa wameandikwa Mama fulani walitoa kadi zao na kucheka kwa aibu. Mmoja mmoja walitafuta shangazi, wajomba na kaka wa kweli wa kuwaapia, wakaenda kwa karani kabla ya daftari kufungwa. Orodha mpya ilipobandikwa ukutani, Hinda aliwasomea majina yao. Lililokosewa herufi lilirekebishwa siku ile ile. Bulle naye alipita kizuizini kila asubuhi. Askari alisoma kipande, akasoma kadi, akavirudisha. Punda hawakupata hata nafasi ya kuinama kula majani.

Siku ya kura ilifika. Si watu wote walikwenda. Nyumba nyingi zilifunga milango, kila moja kwa sababu yake. Shamso na Bulle walifika mapema shuleni, mahali pa kupigia kura. Warfa alikuwa tayari pale nje, amekaa kwenye ukuta mfupi.

"Umekuja kufanya nini?" Shamso aliuliza kwa mshangao.

"Foleni ni ndefu. Mtoto atachoka," Warfa alisema, akamnyooshea Nimo mikono. "Njoo kwa abti."

Nimo akamkimbilia mjomba wake.

Ndani, karani aliita kwa sauti, "Shamso Alio Hared!"

"Ndiyo mimi," Shamso alisema.

Alipewa karatasi yake, akaingia peke yake nyuma ya pazia. Hakuna aliyeona alichokichagua. Alikunja karatasi, akaitumbukiza sandukuni, akatoka juani.

Warfa alisimama, Nimo amelala begani mwake. Hakumwuliza dada yake amemchagua nani. Shamso naye hakusema.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya, twende nyumbani," Warfa alisema. "Siku nyingi sijanywa maziwa yako."